Kilifia Ulaya, Kikafukuliwa Nyarugusu

Picha iliingia kwenye simu yangu saa nne usiku, mwezi wa nane mwaka 2025, bila salamu. Mtoto wa dada yangu hajawahi kunitumia ujumbe bila kuniamkia kwanza, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Kwenye picha kulikuwa na kiganja chenye udongo mwekundu, na katikati ya kiganja kitu cha duara, kikubwa kidogo kuliko shilingi mia, kinang'aa rangi ya dhahabu pale kilipofutwa kwa kidole gumba. Juu yake amechorwa mnyama: kichwa cha tai, masikio yamesimama, mabawa, makucha ya simba. Chini ameandika: "Anko, rupia ya Mjerumani. Kuna watu wameshataja milioni themanini. Usimwambie mama."

Kijana anachimba Nyarugusu, mkoani Geita. Duara lao, yaani shimo la kuchimbia, lilijaa maji msimu uliopita, na tangu hapo anazunguka porini na ditekta ya kuazima, ile mashine inayolia ikipita juu ya madini. Mara nyingi huwa inalilia misumari, vizibo vya soda na vipande vya karasha. Safari hii ililia mahali palipokuwa na kambi ya wachimbaji miaka ya nyuma, akachimba kina cha kiwiko, akakutana na mnyama.

Anayeishi Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa habari ya mali ya Mjerumani. Kila kijiji kina mbuyu au jiwe ambalo chini yake, inasemekana, Mjerumani alifukia sanduku alipokuwa akikimbia mwaka 1916. Uongo huu una mbegu ya kweli ndani yake, ndiyo maana haufi. Mwaka huo Wajerumani walikuwa wamezingirwa, fedha kutoka kwao haziji, wakatengeneza sarafu zao wenyewe Tabora katika karakana ya reli. Sarafu ya rupia 15 ilikuwa ya dhahabu iliyotoka Sekenke, upande mmoja tai mwenye taji, upande wa pili tembo amenyanyua mkonga mbele ya milima. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushei tu, na wakusanyaji wa sarafu duniani wanazilipia fedha za kweli. Basi kutokana na tembo huyo mmoja, kila chuma chenye mnyama kikifukuliwa huku kwetu kinaitwa rupia.

Nikampigia. "Kigeuze," nikamwambia. "Mgongoni kuna nini?"

"Kuna kitanzi, Anko. Kitanzi cha waya."

"Basi si pesa hiyo. Pesa haishonwi."

Kimya. Kisha akasema wale watu wamemweleza kwamba za kitanzi ndizo zenyewe, zilikuwa za wakubwa, za kuvaa shingoni. Kisha, baada ya kuvutwavutwa, akasema wanahitaji milioni moja na nusu ya kumleta mtaalamu wa kuipima, na kwamba alikuwa anafikiria kuuza pikipiki. Hapo nikaacha kucheka. Nikamwambia asiuze kitu, asimpe mtu kitu, kesho nakuja.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya pikipiki peke yake. Yule mnyama nilikuwa namfahamu.

Vifungo vyenye wanyama nimevijua tangu sijaanza shule. Bibi yangu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, alikuwa na kopo la Blue Band alilowekea vifungo. Lilikuwa na vya mfupa, vya plastiki, vya magauni yaliyokwisha kuwa matambara, na viwili vya shaba nyeupe-njano ambavyo tuliruhusiwa kuvigusa siku bibi akiwa na furaha. Kimoja kilikuwa na kichwa cha twiga. Cha pili kilikuwa na tarumbeta ya pembe iliyokunjwa.

Twiga alikuwa wa jirani yetu aliyewahi kuwa polisi. Kichwa cha twiga kilikuwa alama ya Tanganyika wakati wa Mwingereza. Kilikaa kwenye bendera, kilikaa kwenye stempu za mwaka 1922, na kilikaa kifuani na kichwani kwa askari polisi. Tarumbeta ilikuwa ya babu. Babu alikuwa Keya. Wazee wetu waliokuwa kwenye King's African Rifles hawakutamka herufi tatu moja moja, walisema Keya, na neno hilo likatosha. Alikwenda Burma, akatembea kwenye matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944, akarudi na kikohozi ambacho hakikumwacha. Halafu akawa mlinzi Mwadui, kwenye almasi za Williamson, mpaka alipochoka.

Tulimuuliza koti liko wapi. Akasema koti si lake, lilirudishwa. Siku ya kuagwa walisimama mstari, wakakabidhi kila kitu cha serikali, karani akaweka alama kwenye daftari. Kifungo kilikuwa kimelegea tangu asubuhi, akakisaidia kidogo kwa kidole, kikaingia mfukoni. "Koti la kwao," alisema, "hiki nimekilipia kwa miguu." Nilikuwa mtoto, nilichoelewa ni kwamba babu aliiba kifungo, nikafurahi sana.

Sare zile za joto zilikuwa na ufundi wake. Kifungo hakikushonwa, kilipitishwa kwenye tundu la nguo na kushikiliwa kwa nyuma na kipete cha waya, ili mvaaji avitoe vyote kabla ya kufua, avisugue, avirudishe. Babu alisema katika jeshi alisugua vifungo mara nyingi kuliko alivyopiga risasi. Nilipokuja kuwa fundi niliona ndiyo maana uso wa twiga wa jirani ulikuwa umefutika pua: alikuwa polisi msafi.

Ufundi niliuanza mwaka 1987, baada ya darasa la saba, nikisubiri matokeo ambayo hayakuwa na haraka ya kuja. Baba mdogo alikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka karibu na soko la Shinyanga, Singer nyeusi ya kukanyaga. Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa milango. Miaka ya nyuma nguo hizo zilipita kwa mlango wa kanisa na kwa magendo, na watu waliziita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba Mzungu mwenye akili zake hawezi kutoa koti zima mpaka awe amekufa. Sasa zikawa zinaingia kwa marobota. Siku ya kufungua robota harufu ya dawa inakupiga puani, wanawake wanagombea magauni, na chini kabisa, mzigo usiotakiwa na mtu: makoti mazito ya sufu kutoka Uingereza.

Baba mdogo aliyataka hayohayo. Aliyanunua kwa bei ya kutupa, akayapunguza mikono, akawauzia walinzi wa usiku na vijana waliokuwa wanakwenda rashi za dhahabu, Kahama na Geita, ambako mtu analala chini ya turubai na alfajiri ya mwezi wa sita inauma. Baadhi ya makoti yalikuja na vifungo vya shaba vyenye wanyama. Simba amesimama kwa miguu miwili. Kulungu amelala. Mkono umeshika upanga. Na huyu wa kichwa cha tai, ambaye baba mdogo alimwita simba-ndege. Dereva mmoja wa lori aliapa kwamba ni mnyama wa kiwanda, amemwona kwenye gari. Sikumwamini wakati ule, lakini hakuwa mbali: alama ya Vauxhall, kampuni iliyotuletea malori ya Bedford, ni mnyama huyohuyo.

Vifungo vizuri hatukuviacha kwenye makoti. Vilikuwa na soko lake. Vikundi vya ngoma, Wagika kwa Wagalu, vikijiandaa kwa mashindano ya mavuno, manju, yaani kiongozi wa ngoma, anataka kizibao kinachong'aa kuliko cha mpinzani wake. Akipata simba sita wa shaba kifuani, nusu ya wimbo ameshaimba. Makoti yaliyobaki na vifungo vyake yalirudishiwa kwa mshipi wa kuvulia samaki badala ya uzi, maana uzi wa pamba ulikatika. Mshipi wa nailoni wa kijani, mizunguko minne, fundo, kisha kuchoma ncha kwa kiberiti. Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo: mshona vifungo. Nimeshona simba-ndege wengi.

Hatukujiuliza walikuwa wa nani. Tulidhani ni mapambo, kama maua ya kanga. Au, kama baba mdogo alivyopenda kumwambia mteja, ni koti la lodi. Mlinzi wa ghala akilipa, anaondoka akitembea kilodi.

Jibu nililipata mwaka 2004, mbali sana na baraza ile. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nikapata ufadhili wa mwaka mmoja Birmingham. Sikujua kwamba nimepelekwa kwenye kiwanda chenyewe. Kwa karne mbili na zaidi mji ule ulivalisha nusu ya dunia vifungo. Jumapili moja kwenye soko la vitu vya kale nilimkuta mzee na trei za vifungo zimepangwa kama mbegu za duka la pembejeo. Simba-ndege alikuwemo. Nikamwambia nimeshawahi kumshona. Alidhani namtania. Nilipomweleza habari za Shinyanga alivuta kigoda kingine, na nikawa naenda kila Jumapili mpaka baridi iliponishinda.

Aliniuliza naona nini. Nikasema simba mwenye mabawa. Hakunijibu, alikigeuza. Mgongoni, kuzunguka kitanzi, kulikuwa na maandishi madogo: Firmin & Sons, London, na jina la mtaa. Alisema anayeanza na mnyama anaanza mwisho. Mtengenezaji aliandika jina na anwani yake. Akihama duka, maandishi yanabadilika, na hivyo mgongo wa kifungo ni kalenda. Firmin walianza karne ya 17. Ukikuta herufi za Ltd baada ya jina la kiwanda, kifungo si cha kabla ya 1855, maana kampuni za aina hiyo sheria yao ilikuwa bado. Taji nalo lina umri: mabega yake yakiwa yamepanda kama kuba, ni la wafalme wa kuanzia 1901 hadi kufa kwa George wa Sita mwaka 1952, yakiwa yamebonyea katikati, ni la Elizabeth. Lakini kifungo kile hakikuwa na taji wala jina la kikosi. Kilikuwa na mnyama tu, na chini ya mnyama, kamba fupi iliyosokotwa.

Kamba hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Nikamwuliza kama ni ngata. Ilibidi nimwonyeshe kwa shuka langu la shingoni jinsi mama zetu wanavyoviringisha kitambaa na kukiweka kichwani kabla ya kutwishwa ndoo. Akapiga meza kwa furaha. Ndiyo, hasa! Zamani askari mpanda farasi aliyefunikwa chuma mpaka usoni hakutambulikana, akaweka juu ya kofia yake mnyama wa mbao au wa ngozi, na pale mnyama alipokaa pakazungushiwa ngata ya nguo ya rangi mbili. Vita vya namna hiyo vikaisha, mnyama na ngata yake vikabaki kuwa alama ya ukoo. Ukiona mnyama juu ya ngata, bila ngao, bila jina, basi kifungo hicho ni cha nyumba ya mtu.

Kisha tukafika kwenye wanyama. Koo nyingine zina mnyama ambaye huwezi kumkosea. Nyoka aliyejipiga fundo ni wa Cavendish, wenye cheo cha Duke wa Devonshire. Tai aliyesimama juu ya mtoto mchanga ni wa Stanley wa Derby, na kuna hadithi ndefu ya aibu nyuma yake. Tausi aliyetandaza mkia ni wa Manners wa Rutland. Russell wa Bedford ana mbuzi. Nilimwambia mzee kwamba huku kwetu Usukumani, kwa mali aliyokuwa nayo, angechagua ng'ombe. Lakini simba-ndege, ambaye jina lake ni grifini, anagombewa na koo chungu nzima. Kuna kitabu kikubwa cha alama hizo, cha Fairbairn, kilichotoka mara ya kwanza 1859, na grifini wake wanajaza kurasa: mzima, nusu, kichwa tupu, kichwa kilichokatwa kwa upanga, kichwa kilichonyofolewa, aliyeshika mshale, aliyeshika ufunguo. Usipohesabu masikio na makucha unampa ukoo mwingine mnyama wa jirani yake. Wapo pia waiveni, joka la miguu miwili, ambaye wasiojua humwita dragoni. Yule wa Waingereza ana miguu minne. Mzee alinifundisha kwa kunikosesha. Ananipa kifungo, nakisoma, ananitazama kwa huruma.

Alinionyesha vingine ambavyo sijavisahau. Vifungo vyeusi tii, vya msiba: bwana akifiwa, watumishi wote hubadilishiwa vifungo. Na kimoja kisicho na mnyama, chenye umbo la uru la kwenye karata, limesimama kwa ncha. Mwanamke hakuwa na kofia ya vita, kwa hiyo hakuwa na mnyama. Mjane mwenye nyumba yake aliweka alama za marehemu ndani ya umbo hilo. Mimi mtu wa Shinyanga niliona almasi. Hata dhahabu na fedha ya kifungo haikuwa kwa kupenda, ilifuata rangi ya ngao ya ukoo.

Ilinichukua Jumapili tatu kuuliza swali lililotakiwa kuwa la kwanza. Tajiri mwenyewe, mwenye grifini, alivaa vifungo gani?

"Vya kawaida," mzee akasema.

Wanyama wote wale walivaliwa na watumishi. Mfungua mlango, mwendesha gari la farasi, kijana wa kusimama nyuma ya kiti wakati wa chakula. Koti lilikuwa la bwana, na mtumishi akiacha kazi koti linabaki. Kijana wa miaka kumi na minane alitembea mjini akiwa na mnyama wa mtu mwingine kuanzia shingoni hadi magotini, ili watu wajue ametumwa na nani. Tangu 1777 serikali yao ilitoza kodi kwa kila mtumishi wa kiume, kodi iliyofutwa 1937 tu. Kwa hiyo safu ya vifungo mlangoni ilikuwa ni risiti ya utajiri. Vita vya kwanza vya dunia vikawachukua vijana, majumba yakapunguza watu, makoti yakaingia masandukuni, na wajukuu wakayatoa sadaka. Mengine yakapanda meli.

Nilirudi chumbani kwa miguu. Nilikuwa nafikiria mlinzi wa ghala la pamba, akizunguka usiku na rungu, ndani ya koti la mtumishi mwenzake, na baba mdogo akimwita lodi.

Elimu hii niliitumia kwa mara ya kwanza mwaka 2011, Kahama, na haikunisaidia. Mke wangu alikuwa na meza ya mitumba. Mteja mmoja, mtu wa heshima, alinunua koti la buluu lenye vifungo vya waiveni, akalirudisha kesho yake likiwa kwenye mfuko wa plastiki limefungwa mafundo mawili. Ameambiwa na kiongozi wake wa dini ni alama ya Frimasoni. Ndio ulikuwa msimu wake. Mtu akijenga ghorofa, Frimasoni, akinunua gari jeusi, Frimasoni. Nikajitia mwalimu. Nikaeleza ngata, nikaeleza nyumba za mabwana, nikaeleza joka la miguu miwili. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wewe, mwalimu, haya yote umeyajulia wapi?" Tangu siku hiyo alikuwa akiniamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Mke wangu akakata waiveni wote sita, akashona vifungo vya plastiki, koti likauzwa kabla ya saa sita mchana.

Kwa hiyo nilipokuwa nakwenda Geita safari hii nilijua maneno peke yake hayatoshi. Nilipita Mwanza, nikavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni mwaka huo wa 2025. Kilomita tatu juu ya maji kwa dakika chache. Palepale, ujana wangu, niliwahi kulala juu ya robota nikisubiri kivuko. Katoro nilimkuta kijana ananisubiri na pikipiki yake. Nilifurahi kuiona pikipiki.

Tulikaa kibandani kwa mama ntilie. Akakifungua kutoka kwenye kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi ya sigara. Nikavaa miwani. Grifini, kichwa na mabawa na mguu mmoja wa mbele ulioinuliwa, juu ya ngata yenye misokoto sita. Mgongoni Firmin & Sons Ltd, London. Nilimfundisha kwa mpangilio uleule wa mzee wa Birmingham, mgongo kwanza, na nilipofika kwenye mtumishi aliacha kutafuna muhogo.

"Kwa hiyo si ya mkubwa?"

"Ni ya boi."

Lakini inang'aa, akasema, na hapo ndipo tulipoongea lugha moja. Nikamwuliza dhahabu wanaikamataje. Akanitazama kama mtu anayeuliza ugali unapikwaje: unasaga mwamba kwenye karasha, unaosha mwaloni, unaweka zebaki, inashika dhahabu, unachoma, zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Nikamwambia vifungo vya dhahabu vya Birmingham vilipakwa kwa njia hiyohiyo, kwa kinyume chake. Waliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki, wakapaka uji huo kwenye shaba, wakachoma. Zebaki ikaruka, dhahabu ikabaki imeng'ang'ania kwenye kifungo. Wachomaji walitetemeka mikono, wakang'oka meno, wakafa mapema. Ilikuwa hivyo mpaka Elkington, wa mji huohuo, alipopata hataza ya kupaka kwa umeme mwaka 1840. Kijana aliitazama mikono yake. Sikuongeza neno. Nchi yetu imeridhia mkataba wa Minamata wa kuondoa zebaki, lakini mkataba hauchenjui dhahabu, na yeye ana watoto wawili.

"Na dhahabu yenyewe kiasi gani?"

Hilo nalijua kwa sababu lilinishangaza nilipolisikia. Sheria yao ya 1796 ilisema kifungo hakiruhusiwi kuitwa cha dhahabu mpaka vifungo 144 vya upana wa inchi moja viwe vimepakwa punje tano za dhahabu. Punje tano ni theluthi moja ya gramu. Kijana hana haja ya kalamu kwenye hesabu za gramu. Akagawa kichwani, akaguna. Alikuwa amekaribia kuuza pikipiki kwa miligramu mbili.

Rafiki yake mwenye tindikali akamaliza ubishi. Tone moja ukingoni, povu la kijani, shaba. Baadaye wale wanunuzi walikuja, watu wawili wenye gari safi. Niliwaamkia vizuri. Nikasema tuko tayari kuuza, tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kama ni dhahabu tuipeleke wote sokoni, soko la madini lipo Geita tangu 2019, mizani ipo, mashine ipo. Mmoja akatoka kupokea simu ambayo mimi sikuisikia ikiita. Mwenzake akamfuata kumwangalia. Gari likawaka.

Jioni, nikiwa nakisafisha kwa mswaki na maji ya sabuni, kitu kikatoka ndani ya kitanzi. Nilidhani ni mzizi. Kilikuwa kipande cha mshipi wa kuvulia, rangi ya kijani iliyopauka, mizunguko minne, na ncha yake imeyeyuka na kuwa kishungi kidogo kigumu. Nikakaa chini.

Sisemi ni mkono wangu. Mafundi wa Kanda ya Ziwa walioshona kwa mshipi ni wengi, na wote walikuwa na viberiti. Lakini Mjerumani hakuwa na nailoni. Kifungo hiki hakikufukiwa na mtu. Kilidondoka kwenye koti la mtumba, usiku fulani wa rashi, kwa kijana aliyekuja kutafuta dhahabu akiwa ameivaa bila kujua, miligramu mbili mbili, kuanzia shingoni hadi magotini. Nilimweleza mtoto wa dada yangu. Akacheka mpaka mama ntilie akauliza kuna nini. Kisha akanipa. "Chukua, Anko, kikalale na cha babu."

Kopo la Blue Band ninalo mimi sasa. Limeshika kutu kwenye mfuniko. Grifini amelala kati ya twiga na tarumbeta. Nimekaa nikawaza kwamba kitabu cha Fairbairn kinaweza kunitajia, nikiwa na subira, koo zote za Uingereza zilizowahi kumiliki grifini aliyeinua mguu mmoja, na hakina jina hata moja la kijana aliyemvaa. Vya kwetu bado tunaweza kuviwahi. Kama nyumbani kwenu kuna kifungo cha twiga, au cha tarumbeta ya Keya, usikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla hujamwuliza mzee aliyebaki. Chukua kipande cha karatasi, andika jina la aliyekivaa, kijiji chake na kazi aliyoifanya, ukunje, uweke humohumo ndani. Cha babu nimeshakiandikia. Cha yule polisi, jirani yetu, nimempigia simu binti yake. Ameahidi kuniletea jina lake kamili siku ya gulio.